Kidato cha Kwanza si darasa la vilaza

Walimu wenzangu mlioko nyumbani Tanzania, ukiulizwa kwa nini darasa la Uingereza lina haki kuliko letu, jibu la haraka huwa ni fedha. Fedha ipo, sikatai. Serikali ya huku inaipa shule nyongeza kwa kila mtoto aliyestahili chakula cha bure kwa sababu ya kipato kidogo cha familia wakati wowote ndani ya miaka sita iliyopita, na sheria inataka darasa la watoto wa miaka mitano hadi saba lisizidi wanafunzi 30. Mwalimu mwenye watoto 90 mbele yake hawezi kushindana na hilo. Lakini tofauti inayoniuma zaidi haihitaji bajeti. Ni namna anavyotazamwa mtoto asiyejua lugha ya kufundishia.

Mtoto akitua huku kutoka Bukavu au Kigoma na Kiswahili chake tu, shule inamwandikisha kuwa anajifunza Kiingereza kama lugha ya ziada. Katika shule inayofanya kazi yake vizuri, hakuna anayedhani kwamba hana akili. Anaachwa asikilize kimya kwa wiki kadhaa, anakalishwa karibu na mwenzake anayezungumza vizuri, anapewa maneno ya somo mapema, na anaruhusiwa kuandika wazo kwa lugha yake kwanza. Nyumbani, mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anaingia Kidato cha Kwanza, anapita kozi fupi ya utangulizi, halafu baiolojia, jiografia na hisabati zote zinamjia kwa Kiingereza. Karibu darasa zima liko katika hali ya yule mgeni wa huku, ila kwetu linaitwa darasa la vilaza. Wachache waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza ndio vipanga: wanaulizwa wao, wanakaa mbele wao, na ukiranja ni wao. Kuna shule ambako aliyeteleza akasema Kiswahili anavishwa kibao shingoni. Kibao hicho kitupwe leo. Kinamfundisha mtoto kunyamaza tu.

Badala yake, fanyeni hivi. Kona ya kushoto ya ubao iachiwe maneno nane hadi kumi ya somo la siku, kila neno na Kiswahili chake, na yasifutwe mpaka kengele ilie. Uliza swali kwa Kiingereza, waache wawili wawili walijadili kwa Kiswahili kwa dakika mbili, kisha waandike jibu kwa Kiingereza wakimalizia sentensi uliyoianza ubaoni. Dakika kumi za mwisho ziwe za kuandika, kila kipindi bila kukosa. Hapa ndipo wengi tunapoharibu: mjadala unanoga, muda unakwisha, na somo lote limeishia kwenye Kiswahili. Mtihani wa Baraza la Mitihani utamkuta mtoto anaelewa lakini hawezi kuandika alichokielewa. Na majaribio yasahihishwe kwa safu mbili, ya maarifa na ya lugha. Aliyeeleza sawasawa jinsi jani linavyotengeneza chakula, akakosea tahajia, apewe alama zake zote za baiolojia. Deni lake ni tahajia, naye alione hivyo kwenye daftari.

Halafu kuna suala la nani anaulizwa. Kungoja mikono inyooshwe ni kuwafundisha watoto kumi na kuwaacha themanini wakitazama. Walimu wengi huku huandika majina kwenye vijiti vya aiskrimu na kuchomoa kimoja baada ya kingine. Kwetu vipande vya boksi vinatosha, na makopo mawili: aliyeulizwa anahamia kopo la pili. Ukiuliza kumi kila kipindi, darasa la 90 linaisha kwa vipindi tisa. Rudisha viwili vitatu kwenye kopo la kwanza kila siku, la sivyo walioulizwa wanajua wamemaliza zamu na wanalala. Kosa kubwa ni kutaja jina kabla ya swali, maana wengine wote wanaacha kufikiri papo hapo. Swali kwanza, kimya cha sekunde tatu, ndipo jina. Mary Budd Rowe wa Marekani alipima jambo hili miaka ya 1970 akakuta walimu wanangoja kama sekunde moja tu. Waliposubiri tatu, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kujitokeza. Akijibu “sijui”, muulize mwingine, kisha mrudie yeye alimalizie jibu.

Viti pia. Kila Jumatatu safu ya mbele ihamie nyuma na nyingine zisogee hatua moja. Wahame watoto, madawati yabaki, maana yakiburutwa wenye nguvu hujichagulia. Asiyeona au asiyesikia vizuri abaki mbele daima.

Kwenye muda wa mitihani hatuko nyuma sana: Baraza linaelekeza watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na 10 kwa masomo mengine, wakati huku nyongeza iliyozoeleka ni robo ya muda. Ila kwenye majaribio ya kila wiki mtoto huyo mara nyingi hapewi hata dakika moja, kwa hiyo anajifunza kuutumia muda huo siku ya mtihani wenyewe.

Jambo moja la huku msiliige. Shule nyingi za sekondari zinapanga watoto kwa uwezo, hasa kwenye hisabati, na watoto wa maskini hurundikana makundi ya chini na kubaki huko. Wapo wakuu wa shule kwetu wanaofanya hivyohivyo kwa mkondo A na mkondo D. Gawanyeni mikondo kwa alfabeti ya majina, na mwalimu hodari wa hisabati apewe vipindi katika mikondo yote.