Hela ya kampuni tuipokee, ila kitabu cha mtoto wasituandikie

Ukigusa tu habari ya kampuni kubwa kufadhili elimu ya mazingira na kutoa misaada ya maafa, watu wanagawanyika hapo hapo, hawa wanasema kampuni zinasafisha jina tu, wale wanasema mtu aliyelala juu ya paa kukimbia mafuriko haulizi blanketi limetoka kwa nani. Mi naona wote wana hoja, shida ni kwamba tumeweka vitu viwili kwenye kapu moja.

Kwenye maafa kampuni zina uwezo ambao serikali nyingi hazina. Malori, maghala, madereva, na mtu ambaye ukimuuliza saa hizi mzigo uko wapi anakujibu. Kimbunga Katrina kilipopiga Marekani mwaka 2005, kuna sehemu malori ya Walmart, kampuni ya maduka makubwa, yalifika na maji kabla ya misaada ya serikali, na DHL, kampuni ya kusafirisha mizigo, nayo ina makubaliano na Umoja wa Mataifa, maafa yakitokea inapeleka watu wake uwanja wa ndege kupanga mizigo, kazi ambayo haipendezi kwenye picha lakini bila hiyo ndege zinashusha shehena na shehena inalala pale pale. Hiyo naiheshimu sana.

Ila sio kila msaada ni msaada. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, Aceh kule Indonesia ilipokea tani kama 4,000 za dawa, nyingi hazikuombwa na nyingi zimeandikwa lugha ambayo wahudumu hawaisomi. Hebu muone nesi, mgonjwa kalala chini anasubiri, kafungua boksi, kopo analigeuza huku na huku, haelewi hata herufi moja, analirudisha ndani. Na boksi lenyewe baadaye linatafutiwa hela ya kuliteketeza! Wakati huo aliyelituma keshaliandika kwenye hesabu zake kama mchango.

Sasa elimu, hapa ndo roho inaniuma zaidi. Mwaka 1953 Marekani lilianzishwa shirika la kuhamasisha watu wasitupe taka ovyo, Keep America Beautiful, na kati ya waliolianzisha ni kampuni za makopo na chupa. Tangazo lao maarufu la mwaka 1971 likamwambia mwananchi kuwa uchafuzi unaanzishwa na watu na watu ndo watakaoumaliza, na mwaka huo huo jimbo la Oregon likapitisha sheria ya kulipia chupa rehani, yaani ukirudisha chupa unarudishiwa hela yako, sheria za aina ambayo wenye viwanda vya vinywaji wamezipinga miaka nenda rudi. Kuokota taka sio uongo, mtoto afundishwe. Lakini somo likiishia kwenye kuokota, mtoto anatoka darasani anajua kosa ni la aliyetupa, wala haulizi kwa nini chupa haikutengenezwa ya kujazwa tena.

Najua jibu litakuwa nini, kwamba bila hela ya kampuni shule nyingi hazina hata hilo somo, na ni kweli kabisa, ndo maana sisemi tuikatae.

Nasema tujue uzito wa tunachokiuza, yaani somo lenyewe, maana somo linaokoa maisha. Siku ile ile ya tsunami, binti wa miaka 10, Tilly Smith, alikuwa ufukweni Phuket, Thailand, na wazazi wake, akaona maji ya bahari yanatoa povu, akakumbuka somo la jiografia alilofundishwa wiki mbili nyuma, akapiga kelele mpaka watu wakaondoka, karibu 100 wakapona. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kiko karibu kabisa na kitovu cha tetemeko lililoleta tsunami hiyo, kina watu kama 78,000 na walikufa 7 tu, sababu wazee walishawasimulia yaliyotokea 1907, kwamba ardhi ikitikisika na bahari ikarudi nyuma, kimbia mlimani. Hakuna boksi la msaada lililofanya kazi hiyo.

Kwa hiyo kwenye maafa walete pesa taslimu na malori, na waulize kwanza nini kinahitajika. Kwenye elimu walipie kitabu, nembo yao ikae kwenye jalada wakitaka, sina ugomvi, ila mwandishi achaguliwe na walimu, na kampuni ya vinywaji ikija na hela yake iulizwe swali moja kabla ya kusaini: ile sura ya chupa za plastiki inabaki?