Siku Bibi Alipotundikiwa Dripu Kamanga

Gari langu ni Canter ya mwaka 1993, injini 4D33, na mimi na utingo wangu tunaliita Bibi. Asubuhi anakohoa kabla ya kuamka, akikaa sana viungo vinakaza, na mlimani lazima uongee naye vizuri. Geji ya mafuta ilikufa kabla sijamnunua, kwa hiyo mafuta tunapima kwa kijiti: unazamisha tangini, unachomoa, unaangalia kimelowa mpaka wapi. Mfuniko wa tangi nao ulidondoka siku moja tukitoka Magu, tukaziba kwa gunzi la mahindi lililoviringishwa rambo. "Kwa leo tu," nilimwambia utingo. Juni 2019 serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki nchi nzima, rambo yetu ikaendelea na kazi. Siku moja tukakuta haipo, tukaviringisha nyingine. Ile ya kwanza ilikwenda wapi, hakuna aliyeuliza.

Basi, mwaka jana nozeli mbili, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, zikafa. Tulinunua dizeli ya madumu, porini, kwa kijana aliyekuwa na haraka sana ya kutuaga. Fundi wangu wa Igoma akazifungua, akanionyesha kutu, akanipa somo. Ndani ya pampu, alisema, kuna vyuma vinavyopishana kwa nafasi ya mikroni chache tu, na kinachovilainisha ni dizeli yenyewe. Ukivipelekea maji, vinasagana. "Nunua filta yenye sepereta, tuifunge kabla ya pampu. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatatuama chini kwenye bakuli, unafungua koki, unayamwaga. Nozeli utazisahau."

Nikaenda mjini. Muuzaji akanitandikia filta tatu kaunteni: ya mikroni 30, ya 10, na ya 2. Akanieleza kwamba unywele wa binadamu ni kama mikroni 70. Nikapiga hesabu kichwani. Ukienda kununua chujio la chai unachukua lenye matundu makubwa? Nikasema nipe ya 2. Ina bakuli la kioo chini, unaona dizeli yako kama samaki wa urembo. Shilingi 180,000, na sikuomba hata kupunguziwa, jambo ambalo mtu wa Mwanza akilifanya ujue hayuko sawa.

Fundi akaigeuza geuza mkononi. "Kaka, hii ya 2 mahali pake ni baada ya lifti pampu, ile ndogo inayovuta mafuta tangini, kule yanakosukumwa. Huku nyuma yanavutwa, panataka ya 30. Halafu hili tangi halijaoshwa tangu Bibi akiwa msichana. Nipe elfu thelathini nilishushe, nilisuuze, ndipo tufunge."

Hapo ndipo masikio yangu yalipofanya kazi vibaya. La kwanza sikulielewa. La pili nilielewa elfu thelathini. Nikamwambia, funga.

Wiki nzima nilikuwa mtu wa kuita watu. "Njoo uone." Boneti za Canter hazipo, kabini inalalia mbele, lakini filta tuliifunga ubavuni kwenye chesesi, chini ya bodi, kila mpita njia aione. Dizeli ndani ya kioo imetulia, rangi ya chai ya mkandaa. Wenye Fuso kubwa walikuja, wakachuchumaa, wakatikisa kichwa. Mama watoto peke yake ndiye hakuguswa. "Laki na themanini ili uangalie dizeli?" Lakini yeye alikuwa na uchungu wake. Mwiko wake mrefu wa mti, aliopewa na mama yake kutoka Ukerewe, ulipotea msimu wa Krismasi wakati dada yangu ametutembelea, na tangu hapo wifi mtu hatajwi nyumbani kwetu isipokuwa kwa mafumbo. Mimi katika kesi hiyo niliamua kutoingilia mambo ya wanawake.

Jumamosi tukapata kazi: viti vya plastiki 300, maturubai na masufuria ya sendofu, tupeleke Sengerema kwa kivuko cha Kamanga. Kwa kuwa safari ilikuwa ya heshima, nikaingia kituoni nikajaza lita 60 kwa mkupuo. Bibi hakuwahi kushiba hivyo. Lita 60 zikimwagwa kwa nguvu kwenye tangi ambalo kwa miaka linapewa lita kumi kumi, kilicholala chini lazima kiamke. Hilo nalijua leo.

Tulipofika Mabatini Bibi akaanza kupungua nguvu, kama mtu anayesinzia kanisani. Nikakanyaga, akanung'unika, akazima. Utingo akashuka, akachungulia kioo. "Bosi, chai imekuwa mchuzi wa dagaa."

Tukamwaga, tukapampu kwa mkono, tukatoa hewa, akawaka. Muda mfupi tu, tukawa gatini. Na kwa kuwa tuliwahi, tukaingia kivukoni wa kwanza. Wa kwanza kuingia ndiye wa kwanza kutoka, mlango uko mbele yako, nyuma yako kuna Haisi mbili, pikapu za kutosha na lori la saruji. Jiwe la Bismarck likabaki nyuma, upepo wa ziwa ukapuliza, nikaegemea usukani nikajiona tajiri.

Tukafika Kamanga. Mlango ukashushwa. Waenda kwa miguu wakatoka, bodaboda wakatoka, baharia akanipungia mkono. Nikapiga stata. Bibi akawaka, akasogea hatua tatu, mguu mmoja wa mbele mlangoni, akazima.

Nikapiga tena. Akakohoa. Nikapiga tena. Hakukohoa.

"Mzee, hiki ni kivuko," baharia akasema, "siyo maegesho."

Honi zikaanza nyuma. Nchi kavu nako kulikuwa na foleni ya magari yanayosubiri kuingia, wao wakapiga zao. Na mahali penye gari bovu pana madaktari. Mmoja akasema mafuta yameisha. Mwingine akasema betri, na stata inazunguka anaisikia. Mama mmoja mwenye tenga la samaki akasema nimwachie Mungu, ushauri ambao ulikuwa bora kuliko wa wote wawili.

Nikampigia fundi. Akauliza swali moja: "Mpira wa kutoka filta kwenda pampu umenywea?" Nikaugusa. Umebanana kama utumbo wa mbuzi mwenye njaa. Akavuta pumzi, ile ya mtu anayekumbuka elfu thelathini. "Pampu inavuta, filta haipitishi. Chomoa mpira wa kutoka tangini, upulize urudishe uchafu nyuma, usikie mapovu."

Nikalala chini ya gari na shati la sherehe, nikapuliza. Haupuliziki. Nikakusanya pumzi zote nilizopewa na wazazi wangu. Utingo kaweka sikio kwenye mdomo wa tangi: "Bosi, inachemka kama maharage!" Nikafurahi, nikatoa mpira mdomoni ili nicheke, kumbe dizeli ilikuwa inarudi. Nikaimeza funda zima. Dakika hiyo hiyo simu ikaita, mama wa bibi harusi mtarajiwa. "Baba, viti viko wapi? Wageni wanaanza kufika." Nikafungua mdomo kumjibu nikacheua mafuta. "Wewe umelewa?" akauliza. Nikamwambia hapana mama, ni dizeli. Akakata.

Ikabidi Bibi asukumwe, lakini na mzigo ule mlangoni palikuwa na kilima. Baharia akaamuru: shusheni mzigo. Abiria wa Haisi wakashusha viti, wakavibeba hadi ufukweni, na mtu aliyebeba kiti anakaa. Baada ya robo saa palikuwa na watu wamekaa kwa safu, wamegeukia kivuko. Mzee aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama, akamuuliza utingo mgombea anafika saa ngapi.

Wa kusukuma wakajipanga. Kiongozi akawa mzee mmoja wa Kisukuma, akauliza nani Mgika na nani Mgalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, akawaweka Wagika kulia na Wagalu kushoto, kama kwenye mashindano ya ngoma. Akaanzisha wimbo wa jembe. Nawaambia, Bibi hakusukumwa, alilimwa. Alipanda mlango, akashuka, na kwa sababu Wagalu walikuwa na nguvu zaidi akaishia upande wa kulia, ameelekea mgahawa wa mama ntilie.

Fundi akapiga. Dawa, akasema, ni kuacha tangi na filta vyote. Tafuta dumu, liweke juu kuliko injini, teremsha mpira moja kwa moja hadi lifti pampu. Mafuta yatashuka yenyewe. "Ila chota dizeli ya juu juu tangini, na uichuje kwa kitambaa."

Kitambaa gani? Mama wa tenga la samaki akafungua kanga yake ya pili, akaikunja mara mbili, tukamimina. Filta yangu ya mikroni 2 inatazama kutoka ubavuni, dizeli inapita kwenye kanga inayonukia sato, tone kwa tone juu ya maandishi: MFICHA UCHI HAZAI. Sikuyapenda.

Utingo akapanda juu ya kabini na dumu la lita 20, amelikumbatia, mpira unashuka hadi kwa Bibi. Akawaka papo hapo, muungurumo safi kuliko miezi yote. Tukapakia viti. Vilirudi 298, na sitaki kumtuhumu mtu. Tukaondoka. Dumu liliisha haraka kuliko nilivyodhani, maana mafuta yanayobaki kwenye nozeli hurudi tangini, kwa hiyo tulikuwa tunamlisha Bibi dripu na nusu anaitapika. Kila tukisimama tunachuja tena, watoto wa kijiji wanatuzunguka. Mmoja akamuuliza utingo kule juu kama gari linaumwa malaria.

Sengerema tuliingia wageni wamesimama chini ya miembe. Mshereheshaji, ambaye hakuwa na kazi nyingine, akatutangaza kwa spika kwamba viti vimefika na mgonjwa wao. Mama mwenye shughuli akaniangalia, akamwangalia utingo na dumu lake, akasema nipewe maziwa nikae kivulini. Kanga sikuirudisha, nimeilipia.

Jumatatu nikawa kwa fundi na elfu thelathini yangu mkononi. Mama watoto akaja naye, alisema anataka kuona kwa macho yake pesa inakokwenda. Tangi likashushwa, likapinduliwa. Ukatoka ute mweusi, wa vijidudu vinavyoota maji yanapokutana na dizeli, fundi alisema. Vikatoka vipande vya gunzi, na vijiti vitano. Ikatoka rambo, ile ya kwanza, imelala chini palepale kwenye mdomo wa mpira. "Huyu alijificha humu kukwepa sheria," fundi akasema, tukacheka wote.

Akatikisa tena. Kitu kikagonga ndani, ko, ko. Akaingiza mkono, akakivuta kwa taabu kwenye mdomo wa tangi. Kirefu, cheusi, bapa jembamba upande mmoja.

Mama watoto akakipokea. Akakifuta kwa kitambaa cha fundi, taratibu, mpaka mchoro wa mpini ukaonekana.

"Huu si mwiko wa mama?"

Nikamwangalia utingo. Utingo akaangalia mawe ya mlimani kama ndiyo anayaona leo.

"Bosi alisema vijiti ni vifupi, shemeji," akasema. "Huu ulikuwa unafika chini vizuri."

Mama watoto hakusema neno. Akatoa simu, akabonyeza, akasubiri. "Wifi, hujambo mama? Mimi mzima. Usikate, kaka yako ana neno na wewe." Akaninyooshea simu kwa mkono mmoja, na mwiko bado kaushika kwa mkono wa pili.