Namba zako zikae kwenye seva, sio kwenye simu

Kila nikisikia mtu analalamika kwamba programu huria hazisinki vizuri na simu, yaani namba za huku na za kule hazilingani, nikimchimba kidogo nakuta anatafuta kitu cha kuweka katikati, simu huku, kompyuta kule, viongee vyenyewe na kila kimoja kibaki na kitabu chake cha namba. Mi naona hapo ndo tatizo linapoanzia. Hiyo njia ilishajaribiwa miaka na miaka, tena na watu wenye akili sana, na iliwashinda.

Wazee wa kazi wanaikumbuka Palm, vile vikompyuta vya mkononi vya kuwekea namba na kalenda. Pilot ya kwanza ilitoka 1996, unaiweka kwenye stendi yake, unabonyeza kitufe cha HotSync basi. Ukiwa kwenye Linux, mfumo huria wa kompyuta, ulitegemea pilot-link ya kuongea na Palm, halafu juu yake J-Pilot, au gnome-pilot kama unatumia Evolution, programu ya imeili na namba za watu, au KPilot kama we ni mtu wa KDE, moja ya sura za Linux. Zilifanya kazi jamani, tusizidharau, waliozitengeneza walikuwa wanakubali kukesha na vifaa ambavyo havikutengenezwa kwa ajili yao. Ila shida haikuwa waya. Kitabu cha Palm kilikuwa na nafasi tano tu za namba na imeili kwa kila mtu, Evolution ina nafasi zaidi, sasa chukua mtu mwenye namba ya ofisini, ya nyumbani, ya mkononi, faksi na imeili mbili, hivyo vyote havienei, kuna kimoja lazima kibaki nje. Na programu ikishakosa pa kukiweka, ikifika zamu ya kurudisha itajuaje kama umekifuta mwenyewe au kilikosa nafasi tu?

Baadaye ikaja SyncML mwaka 2000, lugha ya pamoja ya vifaa kusinki, simu nyingi za enzi zile zikawa nayo, halafu OpenSync ikataka kuwa daraja la kila kitu kwenda kwa kila kitu, plagini (kipande cha nyongeza) ya Palm, plagini ya Evolution, plagini ya hiki na kile. Kwenye karatasi ni nzuri mno. Ila vitabu viwili, kila kimoja kinajiona ndo chenyewe, siku vikitofautiana hakuna wa kuamua, na programu ikishindwa kuamua inafanya kitu salama kuliko vyote ambacho ni kubakisha yote mawili. Ndo maana kila aliyepitia zama zile ana kumbukumbu ya mtu mmoja kaandikwa mara tatu.

Kilichomaliza huu ugomvi kwa kweli ni CardDAV, kanuni za kuongea na kitabu cha namba kilicho kwenye seva, iliandikwa rasmi Agosti 2011 kama RFC 6352, waraka wa viwango vya intaneti, na ndugu yake CalDAV wa kalenda alitangulia 2007. Hapa kitabu ni kimoja na kinakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni, simu na kompyuta zinabaki na nakala tu. Kila mtu ni kadi yake, na kadi ni maandishi ya kawaida kabisa ukiifungua, inaanza BEGIN:VCARD, kuna FN ambalo ni jina, kuna TEL ambayo ni namba, kuna UID ambayo haibadiliki hata ukibadilisha jina na namba vyote. Seva inaipa kila kadi alama inaitwa ETag, kadi ikiguswa alama inabadilika. Sasa tuseme umerekebisha namba ya mtu kwenye laptopu, na simu ambayo ilikuwa haina mtandao nayo imemrekebisha yuleyule. Simu ikirudi hewani inapeleka kadi yake na kusema iandike hii kama alama bado ni ile niliyoiacha, seva inaangalia, alama imeshabadilika, inajibu 412, yaani hapana, chukua kwanza iliyopo. Basi. Programu zenyewe zinaweza zikatofautiana zinafanya nini baada ya kukataliwa, lakini walau hakuna kadi inayokanyagwa kimyakimya.

Na wala wazo sio geni, imeili ilishafika huko zamani sana, IMAP, njia ya kusomea barua za imeili, aliianzisha Mark Crispin mwaka 1986 na ni hilohilo, barua ziko kwenye seva na we unazitazama tu kutoka popote. Ila IMAP haibebi namba za watu! Hili linawachanganya wengi, mtu anaweka akaunti yake ya imeili kwenye simu, barua zote zinashuka, anakaa anasubiri na majina yashuke, hayashuki, anasema programu mbovu. Hata programu ya imeili ya Thunderbird, ile ya Android iliyotoka 2024 ikiwa imejengwa juu ya K-9 Mail, inasoma majina kutoka kwenye kitabu cha simu, haiendi kuyachukua yenyewe. Ile ya kompyuta ndo ina CardDAV ndani yake tangu toleo 91 la mwaka 2021, kabla ya hapo ulikuwa unategemea nyongeza kama CardBook.

Kinachoniudhi mimi ni Android. Mfumo wenye msingi huria, upo kila kona ya dunia, na mpaka leo hauna CardDAV ya kwake, wakati iPhone, ambayo hakuna anayeisifia kwa uhuria, unaingia kwenye settingi unaongeza akaunti ya CardDAV umemaliza. Kwenye Android unaweka DAVx5, programu ya kuunganisha simu na seva ya CardDAV, ni nzuri, iko bure F-Droid, duka la programu huria, na ukishaipa anwani ya seva, jina na paswadi inajipenyeza chini kabisa kiasi kwamba apu yoyote ya simu inaziona namba. Halafu mfumo unaamua kubana betri unailaza usingizi, na we unadhani sinki imekufa. Iruhusu ifanye kazi nyuma bila kubanwa, malalamiko mengi yanaishia hapo.

Sisemi kila kitu kimenyooka. Makundi ni vurugu bado, kuna programu zinalihesabu kundi kama kadi inayojitegemea, na nyingine zinabandika jina la kundi kwenye kadi ya kila mtu, ndo maana DAVx5 inakuuliza unataka ipi, na ukichagua tofauti na wenzako makundi hayaonekani. Na birthdei isiyo na mwaka ni kichekesho, vifaa vya Apple vinaandika 1604 kama alama ya kwamba mwaka haujulikani, programu isiyoijua hiyo alama inakuonesha rafiki yako ana miaka zaidi ya mia nne.

Kwa upande wa seva, kama unataka namba na kalenda tu sioni haja ya kubeba Nextcloud nzima, ile seva ya mafaili na mengine kibao. Radicale, seva ya namba na kalenda, inatosha, ni ndogo, na kila mtu anakuwa faili lake ndani ya folda, unaweza ukaifunga na Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, ukawa na historia ya kila badiliko. Hiyo historia unaihitaji, manake ukifuta mtu kwenye simu anafutika kote, sinki ikiwa nzuri ndo inafuta haraka zaidi.

Kitu kimoja kwa wanaohamia. Namba zilizohifadhiwa kwenye "simu hii tu" DAVx5 haizigusi, inabidi uzitoe kama faili la vcf, yaani la kadi zile za VCARD, uziingize upya ndani ya akaunti mpya, halafu uende kwenye apu ya majina ubadilishe akaunti ya kuhifadhia iwe hiyo mpya. Watu hapo mwisho wanaparuka, halafu kila namba wanayoongeza inaendelea kuangukia kwenye simu.