Samaki wa Bunju

Jino la nyuma lilinianza Ijumaa usiku. Asubuhi mama mkwe akanipa kichupa cha mafuta ya karafuu: "Tone moja tu, baba." Tone moja kwa jino lile niliona dharau. Nikalowesha pamba chepechepe, nikaing'ata, maumivu yakaisha. Na mimi nikalisahau jino.

Mchana shemeji akaja na samaki wa kukaanga. Nikamla kichwa mpaka mkia, ndipo nikauliza: "Samaki gani huyu, shemeji?"

"Wa Bunju huyo!"

Mimi nimekulia Mafia, bunju namjua. Anavimba kama mpira, wavuvi wanamtupa. Sumu yake, hasa ya kwenye ini na mayai, haiogopi moto. Inaanza kwa ganzi ya midomo na ulimi, halafu viungo vinalegea, halafu pumzi, na dawa ya kuiondoa hakuna. Wajapani wanamla, ila mpishi wake lazima awe na leseni. Shemeji yangu hana leseni hata ya hiyo bodaboda anayoendesha.

Nikagusa mdomo. Ganzi! Ulimi nao, ganzi!

Nikapandishwa bodaboda ileile mpaka zahanati.

"Unaishi wapi, baba?" nesi akauliza.

"Thinza."

"Tatizo nini?"

"Bunju."

"Nimeuliza tatizo."

"Tatizo ndiyo bunju! Nimekula bunju!"

"Umekulia Bunju? Sasa Sinza umehamia lini?"

Mama mmoja kwenye benchi akadakia: "Mimi nakaa Bunju, kwani kuna nini?"

"Thumu!" nikamjibu. Mama akashika kifua.

Daktari akanifunua kinywa, akarudi nyuma hatua moja. "Mbona unanuka pilau?" Akaingiza koleo, akachomoa pamba. Nilikuwa nimekula samaki mzima juu yake. Akanieleza kwamba karafuu ina yujenoli, ndiyo inayotia ganzi, hata madaktari wa meno wanaitumia. Kidogo, akasisitiza, akiikamua ile pamba.

"Na bunju?"

Shemeji akakuna kichwa. "Changu yule. Nilimnunua Bunju, nimeshusha abiria."

Tulipotoka, mama wa kwenye benchi alikuwa bado na simu sikioni: "Watoto wasinywe maji! Nimeambiwa Bunju yote ina sumu!"