"Imerekebishwa." Haya, wapi?

Neno moja tu, jibu la mtunzaji wa programu kwa ripoti ya kasoro, limenikosesha usingizi wiki hii: "Imerekebishwa."

Ijumaa usiku nilikuwa nyumbani Nkuhungu, Dodoma, upepo unapiga mabati na vumbi linapita chini ya mlango kama lina funguo. Nakompaili programu moja ya lugha ya C++, yaani nageuza msimbo wake uwe programu inayoendeshwa, kwenye laptopu yangu yenye memori (RAM) ya GB 4. Maelekezo ya watunzaji wake yanasema andika make -j4, nami mtiifu nikaandika. Kufika katikati mshale ukaganda, feni ikalia, kisha likaja lile neno la msiba: Killed. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, memori ilipokwisha, ilimchagua cc1plus, sehemu ya kompaila inayosoma C++, ikamchinja.

Sikushangaa. C++ imezoea kula: kila faili linasomwa pamoja na msururu wa vichwa vyake (faili nyingine linazozitegemea), templeti (vielezo vya msimbo) zinazaliana, na -j4 maana yake ni walaji wanne kwa wakati mmoja, kila mmoja na sahani yake, sufuria ya ugali ni ileile. Ukiongeza -g, yaani taarifa za kutafutia kasoro, ndiyo kabisa.

Nikatafuta kwenye ripoti za kasoro za programu hiyo, nikakuta mwenzangu alishalalamika miezi mingi nyuma. Mtunzaji akajibu neno lake moja, akafunga ripoti. Nikafurahi kama mjinga. Nikanunua bando, nikashusha toleo jipya kabisa, nikaanza upya. Killed.

Kumbe marekebisho yako kwenye tawi la maendeleo, msimbo ambao bado unafanyiwa kazi, hayajaingia kwenye toleo lolote! Sasa hapo kimerekebishwa nini, na kwa ajili ya nani? Kwake yeye, sawa, kazi imekwisha. Kwangu mimi niliyechoma bando, bado. Andika basi yako kwenye toleo gani, au yatatoka kwenye lipi. Andika mtu afanye nini wakati anasubiri. Andika kama mwenye GB 4 ajaribu au asijisumbue. Mistari mitatu! Mtu aliyekesha kupunguza ulaji wa memori hashindwi mistari mitatu.

Na msiniambie haiwezekani. Wenzao wa GCC, kompaila maarufu, wana hadi lebo ya memory-hog (mlafi wa memori) kwa matatizo ya aina hii, na tatizo lililozuka upya huandikwa kwenye kichwa cha ripoti kwamba limegusa matoleo yapi. Kwenye keneli, maelezo ya marekebisho huwa na mstari wa Fixes: unaotaja badiliko lenyewe lililoleta kasoro. Wana kazi nyingi kuliko huyu bwana wa neno moja.

Najua, najua, wengi wanajitolea, hawalipwi, na wanatukanwa bure na watu kama mimi. Nakubali, shingo upande.

Wale wa "ongeza RAM" nao wapo. Ahsanteni, sikuwa nimewaza. Ya kwangu imechomelewa kwenye bodi. Fundi aliifungua, akaitazama, akanirudishia bila hata kuniambia pole.

Aliyeniokoa ni kijana wa mwaka wa pili, jirani yangu. "Kaka, weka -j1, ongeza swapu, nafasi ya diski inayosaidia memori, ukalale." Nikalala. Adhana ya alfajiri ikanikuta laptopu imepoa na kazi imekwisha.

Nikarudi kwenye ile ripoti niwaandikie wengine maneno ya huyo kijana. Imefungwa, haipokei maoni.