"Oili ni Oili Tu": Sentensi Iliyomuulia Shemeji Giaboksi

Shemeji yangu kanunua SUV ya mkononi. Nilipokwenda kuiona nikakuta tayari ina taa mbili za ziada mbele, kava mpya za viti, mazulia ya mpira na kile kimti cha harufu kinachoning'inia kwenye kioo. Inang'aa kama bibi harusi. Nikafungua boneti, nikavuta kijiti cha oili. Kimetoka kikavu, tone moja tu nchani, jeusi, linanuka kuungua.

"Shem, oili hii imebadilishwa lini?"

"Aliyeniuzia kasema gari limetoka sevisi juzi tu."

Limetoka sevisi. Sijawahi kusikia muuzaji akisema gari lake halijafanyiwa sevisi miaka mitatu, hata kwa kuteleza ulimi. Weusi peke yake sikuuhesabu, maana injini ya dizeli huichafua oili mpya siku hiyohiyo. Lakini kina kikiwa chini ya alama ya mwisho, hakuna wa kunidanganya. Msimamo wangu kwa gari lolote lililopita mkono wa mwingine ni mmoja: kama hakuna risiti, haikufanyika. Kila kimiminika kihesabu kuwa kimezeeka, uanze upya.

Shemeji akanisikiliza, nusu. Akalipeleka kwa fundi. Na hapo ndipo hasira yangu ilipo, kwa sababu lile gari lina giaboksi ya CVT, na fundi kafungua, kaona oili yake imepungua, kachukua ATF nyekundu, yaani oili ya otomatiki za kawaida, iliyokuwa karibu na mkono wake, kajazia. Alipoulizwa kama ndiyo yenyewe, akajibu: "Oili ni oili tu, bosi."

Wiki mbili baadaye gari likaanza kutetemeka linapoondoka, na kulia kama mbu aliyenaswa ndani ya debe.

Sasa jamani, CVT haina zile gia tulizozizoea. Ina puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, katikati mkanda wa chuma. Chuma kinabana chuma. Kazi ya oili yake ni kulainisha, kupoza na, hapohapo, kuuacha mkanda ushike puli bila kuteleza. ATF ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya klachi za giaboksi ya gia za kawaida, ushikaji wake ni mwingine kabisa. Ukiiweka kwenye CVT mkanda unateleza, puli zinachubuka, vumbi la chuma linaanza kuzunguka humo ndani, na hapo hata ukimwaga na kuweka oili sahihi, mchubuko haufutiki. Kila kampuni ina oili yake ya CVT: Nissan wana NS-2 na NS-3, Honda wana HCF-2. Hawakubuni majina hayo kwa kukosa kazi. Hata kwenye otomatiki ya kawaida mambo si holela: Toyota wengi wa miaka hii wanataka ATF iitwayo WS, na WS si Dexron III, ile ATF ya zamani, ingawa zote ni nyekundu na zote zinateleza vizuri kwenye vidole vya fundi.

Halafu kuna kundi jingine, hawa wenye elimu, wanaokwambia oili ya giaboksi ni "ya maisha", usiiguse. Maisha ya nani? Yako, ya gari, au ya warantii ya mnunuzi wa kwanza? ZF, Wajerumani wanaotengeneza giaboksi nyingi zilizomo kwenye BMW, wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8. Aliyeitengeneza anasema badilisha, aliyekuuzia gari anasema usiguse. Chagua wa kumwamini.

Haya, nikubali kidogo, kwa shingo upande. Wapo wanaoogopa kuigusa kwa sababu waliona giaboksi imekufa baada ya kubadilishwa oili, na hawajaota. Ile ya kusukuma oili kwa mashine kwenye giaboksi iliyochoka hata mimi siipendi. Ukifungua nati ya chini inatoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye tokokonveta, kile kiungo kati ya injini na giaboksi, na kwenye mabomba ya kupozea. Basi mwaga, jaza, tembelea wiki kadhaa, rudia. Na kina kipimwe kwa joto kinachotajwa kwenye kitabu, si kwa jicho.

Kwenye injini nina ugomvi mdogo zaidi. Kitabu kikisema uzito wa oili uwe 0W-20 na fundi akakupa 5W-30, huenda hata hakosei, maana vitabu vingi vinaruhusu zaidi ya namba moja kulingana na joto la hewa. Ninachokataa ni 20W-50 kwa hoja kwamba "injini kuukuu inapenda oili nzito". Namba ya mbele inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi. Injini ya kisasa ina vinjia vyembamba vya oili na vali zinazoendeshwa na oili hiyohiyo; uji mzito unachelewa kufika, na uchakavu mwingi unatokea hapo unapowasha asubuhi. Kama injini inakula oili, tafuta inakopitia.

Kulanti, ile ya kupozea injini: rangi ni rangi tu. Nyekundu ya huyu si nyekundu ya yule, na ukichanganya za kemia tofauti unaweza kupata tope ndani ya rejeta. Usipojua iliyomo, mwaga yote, suuza, weka moja iliyoandikwa kitabuni, na kama ni ya kuchanganya tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, si ya bomba. Na tafadhali injini iwe imepoa kabla ya kugusa kifuniko cha rejeta.

Breki ndizo watu wanazisahau mpaka mteremko uwakumbushe. DOT 4, oili ya breki inayotumika sana, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu, na hunyonya maji hata gari likiwa limeegeshwa. Miaka miwili, badilisha. DOT 5 ya silikoni usiichanganye nayo, hata kama namba inaonekana kubwa.

Tairi: soma tarakimu nne ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na kama gari linaendesha magurudumu yote manne muda wote usiweke mbili mpya na mbili kipara. Mkanda wa taiming, ule unaoendesha vali za injini: bila risiti, badilisha, usibishane nami.

Difu, ile boksi ya gia katikati ya ekseli, na transifa, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, sasa. SUV nyingi zinazoendesha magurudumu yote manne zinazo, na hakuna anayezitazama kwa sababu hazina kijiti. Hapa nina ushauri nilioulipia mwenyewe: fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ufungue ya kumwagia. Mimi nilianza na ya chini, oili yote ikashuka kwenye beseni, nikageukia ya juu nikakuta imeganda kwa kutu, na kichwa chake kikaviringika. Gari likalala siku mbili juu ya stendi huku familia nzima ikiniuliza tunatoka saa ngapi.

Shemeji tumemwaga ile nyekundu mara mbili, tumeweka ya CVT. Mtetemo umepungua, mlio haujaisha. Jana kaja tena, mpole safari hii, kakaa, kanywa chai, halafu akaniuliza, "Na wewe shem, ya transifa uliibadilisha lini?"

Gari langu ninalo mwaka wa sita. Nimekwenda kutafuta risiti mpaka leo sijaiona, na kwa sheria yangu mwenyewe haikufanyika. Jumamosi naingia uvunguni. Nitaanza na nati ya juu.