Fundi, usipige Windows kabla hujapima

Peleka kompyuta ya mezani kwa fundi, mwambie haiwaki, na mara nyingi utajibiwa kabla hata CPU haijafunguliwa: "Mama, hii ni ya kupigwa Windows upya." Mama wa watu anauliza bei, anaambiwa arudi jioni, anaondoka. Jioni mashine inawaka vizuri kabisa. Ila matokeo ya wanafunzi hayapo, hesabu za kikoba hazipo, na picha za harusi ambazo mteja wa mama huyo alikuwa bado hajazichukua zimekwenda. Napinga utaratibu huu, uwe wa Kariakoo, wa Luthuli Avenue kule Nairobi au wa kibanda kilicho nyuma ya stesheneri ya mtaani kwako. Kufomati, yaani kufuta diski yote ili kuweka Windows upya, kunapaswa kuwa hatua ya mwisho, na sisi tumeifanya ya kwanza.

Swali la kwanza la fundi anayejua kazi ni moja: haiwaki vipi? Ukibonyeza kitufe na hakuna taa wala feni inayozunguka, tatizo ni la umeme: soketi, waya, ekstensheni, pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine), au madabodi yenyewe, ile bodi kuu inayobeba vipuri vingine. Windows imelala ndani ya diski inayotunza mafaili (hard disk) na haijafikiwa kabisa, kwa hiyo haiwezi kulaumiwa. Feni ikizunguka na taa zikawaka lakini skrini ikabaki nyeusi huku mashine ikipiga milio, mshukiwa wangu wa kwanza ni RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda. Ni pale tu nembo inapotokea, kisha mashine ikakwama au ikawa inajizima na kujiwasha, ndipo Windows inapoingia kwenye orodha ya washukiwa. Hata hapo haiko peke yake.

Chukua betri ndogo ya madabodi, ile ya mviringo iliyoandikwa CR2032. Ina volti 3, na bei yake haifiki ya chakula cha mchana. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya mashine pale umeme wa ukutani unapokatika. Kompyuta ikiwa imechomekwa na soketi imewashwa, betri hiyo karibu haifanyi kazi. Sasa fikiria maisha ya kompyuta zetu. Nyingi ni mitumba iliyokwisha kutumika miaka kadhaa kwenye ofisi za Ulaya au Dubai. Zikifika huku, umeme unakatika, na wenye busara huzima soketi kila jioni kwa kuogopa radi. Betri iliyochoka tayari inakesha kazini kila usiku.

Dalili zake si za kufichika. Tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Tovuti za benki na barua pepe zinagoma kufunguka kwa madai kwamba si salama, kumbe saa ya mashine ndiyo iliyopotea. Asubuhi unakuta maandishi meupe kwenye skrini nyeusi yanayokutaka ubonyeze F1. Halafu siku moja inakuja skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na hapo ndipo watu hupoteza kazi zao.

Kinachotokea ni hiki. Betri ikifa, mipangilio ya BIOS, yaani programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows, inaweza kurudi kama ilivyotoka kiwandani. Kwenye Dell OptiPlex nyingi, mashine ambazo ofisi na shule zetu zimejaa, mpangilio wa kiwandani wa diski ni RAID, moja ya njia ambazo mashine huitumia kuzungumza na diski. Kama Windows iliwekwa wakati mpangilio ni AHCI, ambayo ni njia nyingine, sasa inashindwa kuiona diski yake yenyewe. Diski ni nzima na mafaili yote yapo. Dawa ni kubadilisha betri, kuingia BIOS kwa kubonyeza F2, kurudisha AHCI, kuhifadhi na kuwasha. Hata chai haijapoa.

Fundi mwenye haraka anafomati. Na kinachoudhi zaidi ni kwamba mashine inawaka kweli! Windows mpya imewekwa juu ya mpangilio uliopo sasa, kwa hiyo haina ugomvi nao. Fundi anaondoka akiamini alikuwa sahihi, mteja anaamini hivyo hivyo, na kesho yake mwingine mwenye tatizo lilelile anafomatiwa. Ukitaka kujua kama ulitibiwa ipasavyo, zima soketi usiku kucha, kisha angalia tarehe asubuhi.

RAM nayo ina kisa chake, hasa kwetu huku pwani ambako hewa ina chumvi na unyevu. Meno yake ya rangi ya dhahabu hushika ukungu usioonekana vizuri kwa macho. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, toa RAM, sugua meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa mabaki, irudishe mpaka vibanio vilie "tak". Kwa kuwa umeshafungua, puliza na vumbi. Na kama pawa saplai ndiyo iliyokufa, usishangae kukuta mjusi aliyekaukia humo.

Mahali ambapo kufomati kunaua kabisa ni kwenye diski inayougua. Diski inayogonga-gonga, au inayochukua dakika nyingi kufungua folda moja, inaomba mafaili yatolewe haraka. Kuiandikia Windows mpya ni kufukia data za mtu kwa koleo. Itolewe, iunganishwe kwenye kompyuta nyingine, au mashine iwashwe kwa Linux, mfumo mwingine usioitegemea Windows, iliyo kwenye flashi, na mafaili yanakiliwe kwanza. Kwenye Windows 11, diski inaweza kuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data, kwa hiyo mwenye mashine atafute mapema ufunguo wake wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima ilipata somo hili. Sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilifanya kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikwame kwenye skrini ya bluu. Ndege zilibaki chini, hospitali zikasimamisha huduma. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuingia Windows kwa njia ya usalama (Safe Mode), inayowasha vitu vya lazima tu, kufuta faili moja, kuwasha upya. Faili moja tu! Huku kwetu, mashine hizo zingefomatiwa kabla ya adhuhuri.

Lakini siwezi kuwatupia mafundi lawama zote, kwa sababu wateja tunachangia. Fundi akitumia nusu saa kupima, akagundua RAM ina ukungu, akaisafisha, tunamwambia, "Aa fundi, si umefuta tu?" na tunampa hela ya nauli. Akipiga Windows tunalipa bila kubisha, maana tumeona kitu kinaandikwa kwenye skrini kwa saa nzima. Tunalipia kazi inayoonekana na tunadharau ujuzi. Naye ana kodi ya fremu na watoto wa kulisha, anauza kinachonunulika.

Ndiyo maana naomba jambo moja lenye bei. Kwenye karatasi ile ya ukutani yenye "kupiga Windows" na "kuweka antivairasi", mafundi ongezeni mstari wa "kupima", wenye gharama yake, unaolipwa hata kama tatizo limeisha kwa ufutio. Nasi wateja tuulipe bila kununa, na tusiruhusu kufomati mpaka tumeambiwa ni nini kilichopimwa na mafaili yetu yako wapi.